Kutoka Nyumba ya Bibi hadi Elimu Jumuishi: Historia ya Malezi ya Uelewa wa Kijamii Ufipa

1.0 Utangulizi

Mtoto anayeshindwa kutambua zamu yake ya kusema, au hasira iliyo usoni mwa mwenzake, alikuwapo Ufipa kabla ya neno usonji kuenea katika Kiswahili. Leo Kanner aliieleza hali hiyo kitaaluma nchini Marekani mwaka 1943. Masimulizi ya Ufipa yaliyotangulia hayangeweza kuitumia istilahi yake. Kwa sababu hiyo, insha hii haimtafuti mtoto huyo kwa jina la kitabibu, bali inachunguza mahali ambapo watoto wote walijifunzia kuishi na watu. Hoja yake ni kwamba mabadiliko ya mahali hapo yalimgusa zaidi mtoto aliyehitaji muda mrefu wa kujifunza.

2.0 Malezi Kabla ya Shule

Kathleen Smythe, katika kitabu chake Fipa Families (2006), anaonesha kuwa huko Nkansi mtoto aliyekwisha kukua kidogo hakuendelea kulala kwa wazazi wake. Alihamia kwa mabibi na mababu, au akalala pamoja na wa rika lake. Kila uhamisho ulimpatia walezi wapya na nafasi nyingine ya kurudia jambo lilelile. Salamu zilikuwa somo la kila siku: mtoto aliwaona wakubwa wakiinama na kupiga makofi taratibu, akaiga. Ishara ilitangulia maelezo.

Hata hivyo, mfumo huo usipambwe kupita kiasi. Roy Willis, aliyeanza utafiti wake Ufipa mwaka 1962, alibainisha uzito ambao Wafipa waliupa usemi na ushirikiano. Pale ambapo adabu ni kipimo cha utu, anayekosea salamu huweza kuhesabiwa mtovu wa adabu, si mwenye kuhitaji msaada.

3.0 Misheni na Shule

Mapadre Weupe walipokea kituo cha Karema mwaka 1885, kisha wakaenea hadi uwandani. Smythe anaeleza kuwa walikubalika kwa sehemu kwa kuwa Wafipa walikwisha kuzoea mtoto kulelewa na wengi. Lakini darasa lilileta mpangilio tofauti: walezi wengi kwa mtoto mmoja wakawa mwalimu mmoja kwa watoto wengi. Baada ya shule za misheni kuwekwa chini ya serikali kwa sheria ya mwaka 1969, na Elimu ya Msingi kwa Wote kutekelezwa kuanzia 1977, milango ilifunguliwa kwa wengi zaidi. Nafasi ya kurudia somo la kuishi na watu haikupanuka kwa kiwango hicho.

4.0 Hitimisho

Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2009–2017 na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 vimemhakikishia mtoto huyo haki ya kuwa darasani. Kuwa darasani, hata hivyo, si kuelewa wenzake. Historia ya Ufipa inatoa mambo mawili kwa walimu wa Sumbawanga: wenzake wakubwa wachache wenye subira, na hatua zinazoonekana na kurudiwa. Jambo la tatu, ambalo malezi ya kale hayakulitilia mkazo, ni kumfafanulia mtoto kwa maneno yaliyo wazi kile ambacho wengine hukitambua bila kuambiwa.