Ngoma za Bibi Zetu na Kadi za TANU

Ndugu na jamaa tuliokutanika tena hapa Falls Church: kamati ya kijitabu iliniomba niandike machache juu ya historia ya ukoo. Nimeona nisirudie nasaba ya nani alimzaa nani, maana imekwisha chapwa katika vijitabu vilivyotangulia. Nitaeleza jambo ambalo vijana wetu hulisikia kwa mbali tu, yaani jinsi ngoma za wanawake wa Dar es Salaam zilivyoingia katika siasa ya kudai uhuru, na zilivyomgharimu kila aliyezicheza.

Kabla ya siasa palikuwapo lelemama na ngoma nyingine za namna yake. Hizi hazikuwa burudani tupu. Kila kikundi kilikuwa na viongozi wenye vyeo, sare zake, michango yake ya harusi na matanga, na wapinzani wake wa kutupiana mafumbo hadi usiku wa manane. Mzaramo alicheza bega kwa bega na Mmanyema na Mnyamwezi, wote wakiimba kwa Kiswahili. Wanaume waliviona vikundi hivyo kuwa mchezo wa wake zao, na wakoloni nao waliona vivyo hivyo. Nadhani kudharauliwa huko ndiko kulikowafaa baadaye.

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Serikali ilikuwa imewakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa, hivyo makarani na walimu wengi, ambao ndio waliojua kusoma na kuandika, walibaki pembeni wakichungulia. Mwaka 1955 alifika mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akawauliza viongozi wa TANU: wanawake wenu wako wapi? Hapo ndipo alipojitokeza Bibi Titi Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1926, mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba.

Bibi Titi hakuanza kwa kuhutubia uwanjani. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma majumbani mwao, mmoja baada ya mwingine. Aliyekulia pwani anajua maana yake: mkuu wa ngoma akisema jambo, wafuasi wake hawaulizi mara mbili. Akikubali yeye, kikundi kizima kimekubali, pamoja na mashoga na mawifi wa wanakikundi. Katika miezi michache tu wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiandikisha. Hakuna ofisi ya chama ambayo ingeweza kazi hiyo kwa wakati huo.

Tena mwimbaji wa ngoma alikuwa na elimu ambayo shule za wamisionari hazikuifundisha. Alizoea kusimama mbele ya umati, kutunga papo hapo, kusubiri kiitikio, na kumchoma mtu kwa fumbo bila kumtaja jina. Ndiyo maana Bibi Titi alipopanda jukwaani pamoja na Mwalimu Nyerere hakubabaika.

Katika nyumba yetu ya Kariakoo jambo hili lilileta ugomvi. Babu alikuwa karani wa serikali, naye aliogopa kufukuzwa kazi. Bibi alinunua kadi kwa fedha za maandazi, akaificha chini ya kanga sandukuni. Babu aliigundua, wakanuniana siku nyingi, mwishowe akatoa shauri lake: kadi ibaki, lakini isitajwe mbele ya wageni. Bibi akakubali. Kesho yake akaenda kwenye ngoma akaimba juu ya mwanamume anayeogopa karatasi, na mtaa mzima ukajua ni nani.

Wenyeji wetu wa hapa nao wana habari inayokaribiana na hiyo. Mwaka 1915 mji huu ulipotunga sheria ndogo ya kuwatenga Weusi katika makazi, Joseph Tinner na E. B. Henderson waliwaunganisha majirani zao wa Tinner Hill kuipinga, na mwaka 1918 umoja wao ukawa tawi la NAACP, la kwanza la vijijini nchini Marekani. Katika miaka ya 1990 jina la mtaa huo lilipewa tamasha la muziki wa bluzi. Tofauti ni kwamba kwao mapambano yalitangulia, muziki ukafuata kuyaadhimisha.

Kwetu sisi yaliyofuata uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 si ya kufurahisha yote. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika uliundwa mwaka 1962, Bibi Titi akiuongoza. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 lililowazuia viongozi kupangisha nyumba, alijiuzulu. Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 akaachiliwa. Miaka hiyo watu wengi walijifanya hawakumjua. Sisi pia. Picha yake iliyokuwa sebuleni iliteremshwa, na baba zetu walimwomba bibi asiimbe tena nyimbo zenye jina lile, kwa kuwa wawili kati yao walikuwa kazini serikalini. Safari hii bibi alitii, na nionavyo mimi hilo lilimuuma kuliko hofu ya babu.

Bibi Titi alifariki mwezi Novemba 2000, na leo barabara kubwa ya Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake. Bibi yetu alikuwa amekwisha anza kuimba tena kabla ya hapo, jikoni, kwa sauti ya chini. Kanda mbili alizorekodiwa na wajukuu zitapigwa Jumamosi jioni baada ya chakula. Wimbo wa tatu ndio ule wa karatasi.