Jina la Mtunzi Katika Sahani ya Santuri

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Methali hii husikika sana katika mabaraza na mashauri, lakini katika makala haya tunakusudia kuipima kwa kitu ambacho wengi hukiona kuwa cha kuburudisha tu, yaani sahani ya santuri. Tumechagua sahani ya kwanza ya bendi ya Kiingereza iitwayo Led Zeppelin, iliyotolewa Marekani tarehe 12 Januari 1969, na Uingereza mwezi Machi mwaka huo huo. Wapenzi wa muziki wa roki huihesabu miongoni mwa misingi ya muziki huo. Sisi tunaitazama kama waraka wa historia, wenye sehemu ya kusikilizwa na sehemu ya kusomwa. Na sehemu hizo mbili hazisemi jambo moja kila mara.

Bendi ya Yardbirds ilipovunjika mwaka 1968, mpiga gita wake, Jimmy Page, alibaki na ahadi za maonyesho katika nchi za Skandinavia. Akakusanya wenzake watatu: John Paul Jones, mpiga gita la besi na kinanda, John Bonham, mpiga ngoma, na Robert Plant, mwimbaji. Waliporudi safarini waliingia katika studio za Olympic, mjini London, wakarekodi nyimbo tisa kwa muda wa saa 36 za kazi. Gharama yake, kwa maelezo ya Page mwenyewe, ilikuwa pauni 1,782. Wepesi huo haukuwa wa kubahatisha, kwani nyingi za nyimbo hizo walikwisha kuzipiga jukwaani mbele ya watu.

Sahani ya namna hii huzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, na sindano hufuata mchirizi mmoja mwembamba kutoka ukingoni kuelekea katikati. Kwa hiyo msikilizaji huzipokea nyimbo kwa mpango uliowekwa na wenyewe. Upande wa kwanza una nyimbo nne, na wa nne, "Dazed and Confused", ni mzito na wa kutisha. Baada yake pana kimya, mpaka mtu ainuke na kuigeuza sahani. Upande wa pili hufunguliwa kwa kinanda kinachofanana na cha kanisani. Wimbo huo unapofifia, gita la wimbo unaofuata limekwisha kuingia, likisindikizwa na tabla ya Viram Jasani. Ngoma za Bonham nazo husikika kana kwamba zimo chumbani, kwa sababu Page alitaka vipaza sauti vingine viwekwe mbali na ala, vipate kunasa mwangwi wa ukumbi.

Hayo ndiyo yaliyo ya sikio. Sasa tulitazame jalada na lebo. Nyimbo mbili, "You Shook Me" na "I Can't Quit You Baby", zimeandikwa jina la Willie Dixon, mtunzi mweusi aliyezaliwa Vicksburg, Mississippi, mwaka 1915, na kufanya kazi yake kubwa Chicago. Katika wimbo wa kwanza ametajwa pamoja na J. B. Lenoir. Wimbo wa kwanza uliwahi kuimbwa na Muddy Waters, na wa pili Otis Rush aliurekodi mwaka 1956. Hapa haki imetolewa. Lakini tukiendelea kusoma, mambo hubadilika.

Wimbo wa "Babe I'm Gonna Leave You" uliandikwa katika sahani hiyo kuwa ni wa jadi, uliopangwa na Page. Kumbe haukuwa wa jadi hata kidogo. Ulitungwa na Anne Bredon, mwanamke wa California, katika miaka ya mwisho ya 1950. Mwanamke mwingine alijifunza wimbo huo kutoka kwake, Joan Baez akaupokea kwa huyo wa pili, akauingiza katika sahani yake ya mwaka 1962, na Page akaujua kutokana na sahani ya Baez. Katika safari hiyo ya mdomo kwa mdomo jina la mtunzi lilidondoka njiani. Bredon hakujua habari ya wimbo wake kuimbwa na Led Zeppelin mpaka miaka ya 1980, na ndipo jina lake likaanza kuandikwa na malipo yake kutolewa.

"Dazed and Confused" uliandikwa jina la Page peke yake. Hata hivyo, mwimbaji wa Marekani aitwaye Jake Holmes alikuwa amekwisha kuutoa wimbo wenye jina hilo katika sahani yake ya mwaka 1967, na mwezi Agosti mwaka huo aliuimba New York katika onyesho moja na Yardbirds. Holmes alifungua kesi mwaka 2010, nayo ikamalizwa kwa mapatano. Sahani ya Led Zeppelin iliyotolewa mwaka 2012 iliandika kwamba wimbo huo ni wa Page, kwa kuchochewa na Jake Holmes. Maneno hayo machache yalichukua zaidi ya miaka arobaini kufika mahali pake.

Hata jina la Plant halimo miongoni mwa watunzi, kwa kuwa alikuwa bado amefungwa na mkataba wa kampuni nyingine. Na wimbo wa mwisho, "How Many More Times", jalada liliuandikia muda wa dakika tatu na nusu, ilhali huendelea kwa dakika zaidi ya nane. Inaelezwa kwamba hila hiyo ilikusudiwa kuwavuta watangazaji wa redio, ambao walizikwepa nyimbo ndefu. Hapa sikio ndilo linaloukosoa mwandiko.

Hatusemi haya ili kuidharau bendi. Atakayeisikiliza sahani ya Holmes kisha akaisikiliza hii atakiri kwamba vijana wale wanne waliuongezea wimbo nguvu na upana ambao haukuwa nao. Kufasiri upya ni sanaa, wala muziki wa watu weusi wa Marekani, ambao ndio chimbuko la sahani hii, haukuishi ila kwa kupokezana. Lakini kupokea ni jambo moja, na kufuta jina la aliyetoa ni jambo jingine.

Sisi walimu wa Kiswahili jambo hili linatuhusu. Tunakusanya nyimbo za harusi, za kazi na za kubembeleza watoto, kisha chini yake tunaandika "wimbo wa jadi", na kalamu inatua. Wimbo maarufu wa "Malaika" umetajiwa mtunzi zaidi ya mmoja, na mabishano hayo yangalipungua kama kumbukumbu zingaliwekwa mapema. Neno "jadi" ni tamu, nalo lina haki yake pale ambapo ni kweli. Lakini mara nyingi maana yake ni kwamba hatukuuliza.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila mwanafunzi anayeleta wimbo darasani aandike mambo manne: nani kamwimbia, wapi, mwaka gani, na huyo aliyemwimbia aliupata kwa nani. Msururu ukikatika, aandike "mtunzi hajajulikana", maneno yanayoacha mlango wazi kwa atakayekuja kutafuta. Bredon alikuwa hai muda wote ambao sahani ilisema wimbo wake hauna mwenyewe. Huenda katika vijiji vyetu yuko bibi ambaye wimbo wake tunaufundisha kila mwaka, naye hajapata kuulizwa.