Mchezaji Hupita, Shabiki Hungoja: Viwanja, Siasa za Marekani na Kaskazini Mashariki ya Kenya

Usiku wa Julai 14, 2009, jijini St. Louis, Rais Barack Obama alirusha mpira wa kwanza wa mechi ya nyota wote wa besiboli akiwa amevaa koti la Chicago White Sox. Hiyo ni timu ya upande wa kusini wa Chicago, uliomlea kisiasa, na mwanasiasa wa Marekani anayevaa rangi za timu ya nyumbani huwa anawaambia wapiga kura kwamba naye ana kwao. Miaka 3 kabla ya hapo, Agosti 2006, akiwa bado seneta, Obama alikuwa amezuru Wajir, eneo lililokuwa limetikiswa na ukame. Wazee walimfunga kilemba na kumvisha shuka, kama mgeni wa heshima anavyovishwa. Februari 2008, mchuano wake na Hillary Clinton ulipokuwa umepamba moto, picha ya siku ile ilisambazwa Marekani kwa namna ya kumtia shaka: huyu ni nani hasa? Timu ya kampeni ya Obama ililalamika kwamba watu wanatiwa hofu kwa makusudi.

Koti la White Sox lilimwongezea uraia. Shuka ya Wajir ilimpunguzia. Waliomvisha Wajir hawakumwomba akane Chicago, wala hawakudai kwamba sasa amekuwa wao peke yao. Ukarimu wao uligeuzwa tuhuma na watu ambao hawajawahi kukanyaga mchanga wa kaskazini.

Tukio hilo laweza kuachwa liwe kioja cha kampeni. Naliona kuwa zaidi ya hapo. Hoja ya makala haya ni kwamba historia ya viwanja vya michezo, kama wanavyoijua watu wa Garissa na Wajir, inatupa kipimo cha uongozi kilicho bora kuliko hotuba za viongozi wenyewe, wawe wa Washington au wa Nairobi. Kipimo hicho ni shabiki: mtu aliyekuja kutazama tu, asiye na kipaji cha kuuza wala medali ya kuiletea nchi. Serikali zote mbili zimejifunza kumfungulia mlango mchezaji. Hukwama kwa shabiki.

Mkazi wa Garissa kwa kawaida ana timu kadhaa kwa wakati mmoja. Iko ya mtaani, ya vijana wa Bulla Iftin au Bulla Mzuri wanaocheza kwenye vumbi jioni jua likishapoa. Iko Berlin FC, klabu ya Garissa inayobeba jina la jiji la Wajerumani bila kuona haya. Halafu iko Arsenal au Manchester United, inayotazamwa kwenye vibanda vya video na kutetewa kwa ukali kuliko hizo mbili za kwanza. Siasa nazo zimepangika vivyo hivyo. Yuko mwakilishi wadi, mbunge, gavana. Halafu yuko Rais wa Marekani, ambaye uteuzi wake wa mawaziri huchambuliwa penye birika la chai kama kikosi cha Jumamosi.

Msomi wa Nairobi anaweza kuiona hali hii kuwa kichekesho, watu wa Garissa wakigombania mambo ya Washington. Lakini Dadaab imo katika kaunti hiyohiyo. Kambi zake zilianza kujengwa 1991, na katika mwaka wa ukame wa 2011 zilikuwa na wakimbizi zaidi ya 400,000. Mtu ambaye shemeji yake yuko Minneapolis, na binamu yake anangoja mahojiano ya kuhamishiwa huko, hawezi kuuita uchaguzi wa Novemba wa Marekani uchaguzi wa kigeni. Habari zake alizipata kwa lugha yake mwenyewe, kupitia idhaa za Kisomali za BBC na Sauti ya Amerika, hadi Machi 2025 utawala wa Donald Trump ulipowapeleka likizo ya lazima wafanyakazi wa hiyo ya pili. Kwa hiyo mkazi huyo ni shabiki wa siasa za Marekani kwa maana kamili ya neno: anazifuata, zinamwumiza, na hana kura.

Jambo la pili ndilo zito. Katika eneo hili, uwanja wa michezo haukuwa mahali pa michezo tu.

Baada ya vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, sheria za hali ya hatari ziliendelea kulibana eneo la kaskazini mpaka 1991. Novemba 1980, kufuatia kuuawa kwa maofisa wa serikali mjini Garissa, vikosi vya usalama viliingia mtaa wa Bulla Kartasi. Nyumba zilichomwa moto, wakazi wakakusanywa na kuzuiliwa kwa siku kadhaa katika uwanja wa Shule ya Msingi ya Garissa bila chakula wala maji. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika hayo katika ripoti yake ya 2013. Uwanja huo ni wa watoto kukimbilia mpira. Mwaka huohuo wa 1980, serikali ya Rais Daniel arap Moi ilikuwa ikizisukuma klabu za kandanda zivue majina ya kikabila kwa ajili ya umoja wa taifa. Hapo ndipo Abaluhya ilipogeuka AFC Leopards. Wanahistoria wa kandanda ya Kenya hulitaja sana badiliko hilo la majina. Sijaona wakiutaja uwanja wa Garissa kando yake, ingawa ni serikali ileile, mwaka uleule, na swali ni lilelile la nani ni Mkenya na athibitishe vipi.

Aprili 2014 uwanja ukatumika tena hivyo, safari hii mbele ya macho ya nchi nzima. Katika operesheni ya Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, walikamatwa, na wengi wakapelekwa kituo cha michezo cha Kasarani kuhakikiwa. Kituo hicho kilijengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Aliyekuwa na kitambulisho aliambiwa huenda ni cha kughushi, na asiyekuwa nacho alihesabiwa mgeni. Hata mwaka na nusu haukupita: Julai 26, 2015, katika ukumbi uliomo ndani ya kituo hichohicho, Obama, sasa akiwa rais, aliwahutubia Wakenya na kushangiliwa kama mwana aliyerudi nyumbani. Simlaumu yeye kwa alichofanyiwa mwingine mahali pale. Ninachosema ni kwamba mtoto wa baba Mkenya aliyezaliwa Honolulu aliingia Kasarani kama wa nyumbani, na mtoto wa Garissa aliyezaliwa Kenya aliingizwa pale kama mshukiwa.

Tuugeukie upande wa pili wa bahari. Minneapolis ina makazi makubwa ya Wasomali, na mji huo unajua uchungu wa kuachwa na timu: Lakers walikuwa wa kwao mpaka 1960, walipohamishiwa Los Angeles na jina lao la maziwa ambayo huko hayapo. Siku hizi timu yao ya mpira wa vikapu ni Timberwolves, na nyumba yake ni ukumbi wa Target Center. Oktoba 10, 2019, Trump alifanya mkutano wa kampeni ndani ya ukumbi huo, akawashambulia wakimbizi wa Kisomali pamoja na mbunge wao, Ilhan Omar. Omar alizaliwa Mogadishu, akaishi miaka 4 katika kambi ya Utange karibu na Mombasa, akaingia Marekani 1995, akachaguliwa kwenda Congress 2018. Julai 17 ya 2019, kwenye ukumbi wa mpira wa vikapu wa chuo kikuu huko Greenville, North Carolina, umati wa Trump ulikuwa umeimba kwamba mama huyo arudishwe alikotoka. Ulikuwa wimbo wa mashabiki, wenye pigo na kibwagizo, unaoelekezwa kwa timu ya wageni. Siku moja kabla, Baraza la Wawakilishi lilikuwa limepiga kura kuyalaani maneno ya rais juu yake na wenzake, lakini umati haukujali. Kijana wa Kisomali mwenye jezi ya Timberwolves alitangaziwa, ndani ya ukumbi wa timu yake mwenyewe, kwamba yeye ni wa upande wa wapinzani.

Sheria nazo zimekwenda na mkondo huo, na hapa ndipo ushahidi wangu mkuu ulipo. Amri ya Trump ya Januari 27, 2017 iliwafungia mlango raia wa nchi 7, Somalia ikiwamo. Wakimbizi waliokuwa Nairobi tayari kupanda ndege, wapatao 140, walirudishwa Dadaab. Lakini amri hiyo ilimgusa pia Mo Farah, mzaliwa wa Somalia na bingwa wa Olimpiki kwa Uingereza, ambaye familia yake ilikuwa Oregon. Alilalamika hadharani, dunia ikasikia, na serikali ya Uingereza ikapata haraka ufafanuzi kwamba hazuiliwi. Tamko la Trump la Juni 2025, linaloitaja Somalia tena, limepata funzo kutokana na aibu ile: ndani yake umo msamaha kwa wachezaji, makocha na ndugu zao wa karibu wanaosafiri kwa Kombe la Dunia, Olimpiki na mashindano mengine makubwa. Shabiki hakutajwa. Mtu aliyekuwa ameweka akiba aende kuitazama timu yake haingii katika msamaha huo, wala mkimbizi aliyengoja zamu yake kwa miaka.

Nitaambiwa kwamba usalama si mchezo. Ni kweli, na Garissa haihitaji kufundishwa hilo: Aprili 2, 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Hata hivyo msako wa Kasarani ulikuwa umefanyika mwaka mmoja kabla, na haukuyazuia mauaji hayo. Mmoja wa washambuliaji alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu wa Mandera, na baba yake alikuwa ametoa taarifa kwa maofisa kwamba kijana wake ametoweka. Habari yenye thamani ilitoka kwa mzazi aliyeiamini serikali kiasi cha kumtaja mwanawe. Kila anayezuiliwa uwanjani bila kosa huipunguza imani ya aina hiyo.

Wengine watasema mchezaji ndiye huwavutia wenzake mlango ukifunguka, kwa hiyo tusidharau msamaha. Sidharau. Lakini Mo Farah aliruhusiwa kurejea kwa watoto wake, na watu wapatao 140 walirudishwa kambini.

Kwetu kuna dalili za nafuu. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa maovu ya zamani ya serikali. Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa ziarani Kaskazini Mashariki, alitangaza kuondoa uhakiki wa ziada waliokuwa wakifanyiwa vijana wa mipakani wanapoomba vitambulisho, na Wajir ikatangazwa kuwa mwenyeji wa sherehe za Madaraka za 2026, uwanja mpya ukijengwa. Tusiuhukumu uwanja huo kwa nyasi zake wala kwa idadi ya viti. Tuuhukumu kwa kijana atakayekuja bila mwaliko, asiyecheza wala kupiga gwaride: je, ataulizwa nini langoni ambacho mwenzake wa Homa Bay hakuulizwa kwenye sherehe kama hizo mwaka mmoja kabla?

Kwa wenzangu wanaoandika historia ya michezo ya Kenya nina ombi. Uwanja wa Shule ya Msingi ya Garissa uwekwe katika vitabu hivyo, katika sura ileile inayosimulia klabu zilizobadili majina mwaka 1980, na waliozuiliwa pale ambao wangali hai waulizwe sasa.