Stabilaiza: Chuma Kinachoachwa Kwanza

Mwaka juzi, kwenye moja ya kona za kupanda kutoka Mombo kwenda Soni, gari langu lililala ubavu hadi mke wangu akashika mlango kwa mikono miwili na kuniuliza kama nimesinzia. Sikuwa nimesinzia. Nilikuwa kwenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa, mwendo wa basi lililojaza. Kesho yake pale Lushoto kijana mmoja wa gereji aliingia uvunguni na tochi ya simu, akakaa huko kwa dakika mbili, akatoka akijifuta mikono. "Mzee wangu, stabilaiza ya nyuma haifanyi kazi. Imefungwa kama mzigo wa kuni."

Nikainama nikaona. Linki zote mbili hazikuwepo. Chuma chenyewe kilikuwa kimeviringishiwa mpira wa tyubu ili kisigonge bodi. Fundi niliyekuwa nikimpelekea gari siku zote aliona linki zimekatika, akaona gari linatembea vilevile, akafunga mpira na kunirudishia funguo. Sikumwuliza lolote. Nimesoma habari za chuma hiki tangu wakati huo, na kadiri ninavyosoma ndivyo hasira yangu kwake inavyopungua, kwa sababu waliomtangulia katika kukiacha ni watu wakubwa kuliko yeye.

Kwa asiyeingia uvunguni: stabilaiza ni fimbo ya chuma cha springi iliyokunjwa mfano wa mshikio wa ndoo, nayo imelala kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia. Katikati inashikwa na bushi mbili za mpira, na ncha zake zinafungwa kwenye mikono ya magurudumu kwa linki. Gari likipanda tuta, magurudumu mawili yakainuka pamoja, fimbo inajizungusha tu ndani ya bushi, haina habari. Gari likiingia kona, upande wa nje unadidimia, wa ndani unanyanyuka, na hapo fimbo inasokotwa. Chuma cha springi hakikubali kusokotwa bure; kinasukuma, na gari linarudi kukaa sawa. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Ndiyo maana ni rahisi kuitoa: barabara ikinyooka hutajua kama ipo.

Hataza ya kwanza ya chuma cha aina hii alipewa Stephen Coleman, mtu wa Fredericton katika jimbo la New Brunswick nchini Kanada, tarehe 22 Aprili 1919. Alikuwa amewahi mno. Magari ya wakati ule yalikaa juu ya springi za bamba ngumu kama za mkokoteni, na ekseli ya mbele ilikuwa kipande kimoja cha chuma. Gari la namna hiyo linakuvunja mgongo, lakini halilali sana kwenye kona.

Haja ilikuja pale mabwana walipotaka kukaa kwa starehe. Maurice Olley, mhandisi Mwingereza aliyetoka Rolls-Royce, alijiunga na Cadillac nchini Marekani mwaka 1930, na mwaka 1932 alitengeneza gari la majaribio lenye uzito wa kuhamishika ili kujua ni mpangilio gani wa springi usiomchosha abiria. Jibu lilikuwa kulainisha springi za mbele na kuyaachanisha magurudumu ya mbele, kila moja lipande na kushuka kivyake. Magari ya General Motors ya mwaka 1934 yalitoka hivyo. Yalikuwa laini, lakini springi laini inalaza gari. Uliyempa starehe kwenye tuta umemnyang'anya utulivu kwenye kona, na stabilaiza ndiyo iliyotakiwa kurudisha kilichochukuliwa. Olley huyohuyo ni miongoni mwa waliotupa lugha ya kueleza kwa nini gari moja linakataa kuingia kona na jingine linatupa mkia.

Hapa nikae kidogo, maana vijana wengi wanaonunua stabilaiza nene hawajui wamenunua nini. Upande wa gari wenye stabilaiza ngumu zaidi, mbele au nyuma, ndio unaopokea sehemu kubwa ya uzito unaohamia matairi ya nje. Tairi likilemewa, mshiko wake hauongezeki sawa na mzigo, kwa hiyo upande huo ndio unaoachia mapema. Nene mbele: unakata usukani, pua inaendelea kwenda mtaroni. Nene nyuma: pua inatii, mkia unatoka. Mshiko hauzaliwi na stabilaiza, unagawanywa tu.

Volkswagen walilijua hilo kwa njia ngumu. Beetle, ile yenye umbo la kobe, ilikuwa na injini nyuma na magurudumu ya nyuma yaliyoweza kujikunja kwa ndani gari likilemewa kwenye kona. Ilipita miaka mingi bila stabilaiza. Agosti 1959 ndipo kiwanda kilipoifunga moja, nayo ikawekwa mbele, kwa makusudi ya kuupunguzia mkia kazi. Agosti 1966 wakafunga chuma nyuma, na mtu akikichungulia haraka atasema ni stabilaiza. Siyo. Kimekunjwa kama herufi Z, ncha moja inatazama mbele na nyingine nyuma, na kazi yake ni kusaidia springi magurudumu yote mawili yanapobeba mzigo pamoja. Gari likilala, hakiingilii. Wajerumani waliuogopa mkia wa gari lao wenyewe, na walikuwa na haki.

Wamarekani hawakuogopa mapema. Chevrolet Corvair ilitoka mwishoni mwa 1959, injini nyuma, silinda sita, ikipozwa kwa hewa, na stabilaiza ya mbele ikaachwa. Badala yake mwenye gari aliambiwa ajaze upepo pauni 15 matairi ya mbele na 26 ya nyuma. Nani anapima upepo kwa namna hiyo? Mhudumu wa kituo cha mafuta alijaza sawa mbele na nyuma kama alivyozoea, na kinga ya kiwanda ikaishia hapo. John DeLorean, aliyekuwa mkubwa ndani ya General Motors, alisimulia baadaye kwamba Bunkie Knudsen, aliyekabidhiwa Chevrolet mwaka 1961, alilazimika kutishia kujiuzulu ndipo wakubwa wakaruhusu chuma hicho kifungwe. Gharama yake, kwa simulizi hiyo, ilikuwa kama dola 15 kwa gari. Corvair za 1964 zikatoka nacho. Mwaka 1965 Ralph Nader alichapisha kitabu chake "Unsafe at Any Speed", na sura ya kwanza ilikuwa ya Corvair. Serikali ya Marekani ilikuja kusema mwaka 1972 kwamba gari hilo halikuwa baya kuliko wenzake wa wakati ule. Hukumu hiyo mimi naisoma kama lawama kwa wenzake.

Kwetu hadithi hii ilipita barabarani wakati wa Pasaka, kwa mashindano ya magari ya Safari. Marehemu baba alikuwa dereva wa shamba la mkonge karibu na Korogwe, na gari alilopewa na bosi wake lilikuwa Peugeot 404, Pijo kwa lugha ya watu wote. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 yalikuwa ya Afrika Mashariki kweli, yakikanyaga ardhi ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Baba alikuwa anakesha kando ya barabara akisubiri taa. Hakuwa na habari na washindi wa Nairobi. Wake alikuwa Bert Shankland, aliyeishi Tanzania, aliyeshinda mwaka 1966 na 1967 na Chris Rothwell pembeni yake, mara zote mbili kwa 404. Mwaka uliofuata yalianza magari 93, yakamaliza saba, na mbele yao ilikuwa 404 tena, ya Nick Nowicki.

Nilimwuliza baba siku moja kwa nini gari la kizee vile liliyashinda magari ya mbio. Alisema Pijo hulala kama jahazi, lakini miguu yake haitoki majini. Nilidhani ni maneno ya mtu anayependa gari lake. Sasa naona alikuwa anaeleza jambo ambalo wauza stabilaiza hawalisemi: chuma hiki kinaunganisha magurudumu mawili. Jiwe likipiga la kushoto, la kulia linapata habari. Kikiwa kinene sana kwenye barabara ya mashimo, gurudumu la ndani linanyanyuliwa, na gurudumu lililo hewani halisukumi gari wala halilizuii. Pijo iliacha bodi ilale ili matairi manne yabaki ardhini. Mrithi wake 504, iliyotoka 1968, ilikuja na stabilaiza mbele na nyuma, na bado ikaweza kushinda Safari mwaka 1975 na 1978. Hapo Wafaransa walikuwa wamepata kipimo. Waliopanda 504 ndefu za abiria nchini Kenya, wamebanwa wawili katika siti ya mmoja, watakumbuka jinsi ilivyotulia.

Tamaa ya kuongeza unene wa stabilaiza ya nyuma ililetwa hasa na magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele. Injini, giaboksi na kazi yote vipo mbele, pua ni nzito, na kwenye kona gari linang'ang'ania kwenda moja kwa moja. Ukiikaza nyuma, pua inapata nafuu. Volkswagen Golf GTI ya 1976 ilifungwa stabilaiza mbele na nyuma, na ukiona picha yake ikikata kona kwa kasi, gurudumu la nyuma la ndani liko hewani kama mguu wa mbwa kwenye nguzo. Kwa gari lile si hasara, kwa kuwa gurudumu hilo halivuti.

Sisi tulifika kwenye mchezo huo kwa njia ya meli za magari yaliyotumika Japani, na kwa njia ya Subaru. Patrick Njiru wa Kenya alimaliza wa nne katika Safari ya 1994 akiwa na Subaru. Colin McRae akashinda ya 1997 kwa Impreza. Baada ya hapo kijana wa Dar es Salaam mwenye Impreza ya kawaida, ya kumpeleka mtoto shule, hakosi ndoto. Ukienda Shaurimoyo, Ilala, utakuta vyuma hivi vimesimamishwa ukutani kama mikuki, vimetolewa kwenye magari ya kila aina, na muuzaji atakuapia kwamba hicho unachokishika kilitoka kwenye gari la mashindano.

Na mimi niliapiwa. Linki mpya pale Lushoto zilinigharimu shilingi 60,000, gari likatulia, na mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini nilishaonja. Stabilaiza yangu ya nyuma ilipima milimita 15. Nikanunua ya milimita 19. Milimita 4 tu, unene wa njiti mbili za kiberiti. Ila ugumu wa fimbo inayosokotwa hupanda kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe mara nne, kwa hiyo yangu mpya ilikuwa ngumu kuliko ya zamani kwa zaidi ya mara mbili na nusu. Kijana wa Lushoto aliifunga kwa nusu saa. Bushi tulibadilisha, maana tundu la 15 halipokei 19, akazipaka grisi. Nilipenda alivyofanya mwisho: alishusha jeki kwanza, gari likakaa kwa uzito wake juu ya matairi manne, ndipo akakaza nati za linki. "Ukikaza likiwa juu, Mzee, unalifunga likiwa limejikunja."

Kushuka Mombo siku ile kulikuwa raha. Gari halikulala, usukani ulitii kabla sijamaliza kufikiri, na mke wangu alisinzia kweli. Wiki tatu baadaye tukaenda msibani Bumbuli. Kutoka Soni barabara ilikuwa ya udongo mwekundu na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kwenye kona ya kwanza ya kushuka mkia ulitoka bila hodi. Niliurudisha. Kona ya pili ukatoka tena, safari hii hadi ukingoni, tukasimama tairi la nyuma likiwa juu ya migomba ya mtu. Wanakijiji watano walitusukuma. Mmoja, mzee wa rika la baba yangu, aliangalia gari, akaniambia kwa upole kwamba huku magari hulegezwa, hayakazwi.

Nilirudi kwa kijana wangu. Hakunicheka. Alitafuta kwa siku nne akapata ya milimita 17, ambayo ni ngumu kuliko ya kiwandani kwa kama mara moja na theluthi mbili, akaifunga. Kwenye lami gari linalala kidogo kuliko zamani. Kwenye udongo linafuata linakoelekezwa, nikienda polepole. Ndiyo iliyopo chini ya gari hadi leo, na kila nikipeleka gari kwa fundi nainama mwenyewe kuhakikisha linki mbili zipo.

Ile ya 19 iko stoo kwangu Tabata, nimeifunga gazeti isishike kutu, pamoja na bushi zake. Bei maelewano.