Lori la Njia ya Zambia

Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ilijitangazia uhuru, na mwezi uliofuata Zambia, iliyotegemea njia ya Rhodesia, ikajikuta haina pa kupitishia mafuta yake. Ikabidi yatoke Dar es Salaam. Mapipa yalipakiwa kwenye malori yakapandishwa Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma, kwa barabara iliyokuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope masika. Magari mengi yalipinduka, na madereva wengi hawakurudi. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia zikaunda kampuni ya pamoja ya uchukuzi, zikishirikiana na mbia wa Kiitaliano, na hapo ndipo malori ya Fiat yalipojaa kwenye njia hiyo. Babu yetu alianza kama utingo wa mojawapo ya hayo, kabla hajashika usukani.

Fiat 682 ilianza kutengenezwa Italia mwaka 1952. Wakati huo malori makubwa ya Italia yalikuwa na usukani kulia, hata huko kwao wanakoendesha upande wa kulia, ili dereva auone vizuri ukingo wa barabara ya mlimani. Kwetu tunaoendesha kushoto, gari lilikuja kana kwamba limepimwa kwa ajili yetu. Kebini imekaa juu ya injini yenye silinda 6 na ujazo wa zaidi ya lita 10, na injini yenyewe iko katikati ya dereva na utingo, ikiwachoma miguu safari nzima. Katika kupanda mlima wa Kitonga na mzigo, utingo hakukaa ndani. Alitembea pembeni na kigingi mkononi, gari likisita anakitupa nyuma ya tairi. Babu alikuwa na kovu kwenye kisigino lililotokana na kazi hiyo, na mtu akimuuliza habari za ujana wake alianza na kovu hilo.

Bomba la TAZAMA lilipofika Ndola mwaka 1968, mafuta yaliyahama malori. Lami ikafuata, kisha reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976. Lori letu, mojawapo ya Fiat hizo, Babu alilinunua baada ya hapo, limeshachoka, akaligeuza la kubebea mahindi. Nyanda za Juu Kusini zilikuwa zikilisha nchi, na Shirika la Taifa la Usagishaji lilinunua magunia kwa bei moja hata vijiji vya mbali, kwa hiyo mwenye lori hakukosa kazi.

Vita vya Kagera vilipoanza mwishoni mwa 1978, malori ya watu binafsi yalichukuliwa kwenda kusaidia, na letu likawamo. Lilirudi likiwa na rangi ya kijani cha jeshi na fremu iliyopasuka nyuma.

Miaka iliyofuata ndiyo ninayoipenda zaidi katika historia hii, ingawa ndiyo iliyokuwa migumu. Fedha za kigeni hazikuwepo na vipuri havikuingia. Fremu iliungwa kwa kipande cha chaneli kilichotolewa kwenye tela bovu, kikapigwa ribiti kwa mkono. Bushi za springi zilikerezwa kwa shaba nyekundu iliyoyeyushwa kutoka mabomba ya zamani. Gasketi zilikatwa kwenye boksi nene na kupakwa grisi. Baba, aliyekuwa ameacha shule kumsaidia Babu, alijifunza kutengeneza kila alichokosa, na nadhani hakuna chuo kilichotoa fundi bora kuliko uhaba wa miaka ile. Biashara ilipofunguliwa kuanzia 1984 vipuri vilianza kuonekana, lakini pamoja navyo yakaja malori mapya kuliko letu, yenye tela ndefu na nguvu zaidi. Katikati ya miaka ya tisini Fiat iliegeshwa chini ya mparachichi nyuma ya nyumba. Shangazi aliitunza kadi ya gari kwenye sanduku la vitenge, na kila aliyekuja kutaka kununua chuma chakavu alimrudisha alikotoka.

Kazi ya kulifufua tuliianza baada ya Baba kufariki. Injini ilikuwa imekwama. Fundi alitoa nozeli zote, akamimina dizeli iliyochanganywa na oili ndani ya silinda, akaiacha ilowe siku nyingi, kisha akaisukuma flaiweli kidogo kidogo kwa mtaimbo mpaka ikazunguka. Tulipofungua, silivu mbili zilikuwa zimeliwa na kutu na ringi zimeganda. Pampu ilikuwa nzima.

Vijana wa gereji walitushauri tutupe injini tuweke ya Kijapani iliyotumika. Kwa hesabu ya fedha walikuwa sahihi. Baba mdogo alikaribia kukubali, Shangazi akamwambia, "Ukiitoa hiyo, mdogo wangu, umenunua lori la mtu mwingine." Mimi nilikuwa upande wake, na bado niko. Ubishi ukahamia kwenye ile chaneli ya fremu, kwa kuwa kuna waliotaka ikatwe na kuwekwa chuma kipya kinachofanana na cha kiwandani. Fundi mzee aliigonga kwa nyundo, akakagua ribiti moja moja, akasema imeshika. Imebaki. Bushi za shaba zilizoisha tumezikereza upya kwa kufuata zile za Baba. Rangi tulipopiga msasa ilijitokeza kwa tabaka: buluu ya mwisho, chini yake kijani cha jeshi, chini kabisa rangi ya kampuni. Sehemu ya ndani ya mlango wa utingo tumeiacha bila kupaka ili tabaka hizo zionekane.

Kwenye breki hakuna kumbukumbu iliyotunzwa. Mipira yote ya mfumo wa upepo, mabomba na lainingi vimewekwa vipya, tangi la upepo likasafishwa na kujaribiwa, maana gari zito lisilosimama ni hatari kwa kila aliye barabarani, na heshima kwa marehemu haibadilishi hilo.

Sasa injini inawaka na kutulia. Bado waya za taa na raba za vioo, na cheti cha ukaguzi wa gari. Safari ya kwanza itakuwa Ilula na kurudi, bila mzigo, kisha magunia machache ya mahindi ya Shangazi. Kushuka Kitonga kutasubiri mpaka fundi wa breki aridhike.