Mistari ya Barabarani na Sauti ya Abiria

Jioni ya tarehe 5 Septemba 2013, lori lililokuwa likiteremka Fields Hill, huko Pinetown karibu na Durban, lilishindwa kusimama, likayagonga magari kwenye makutano. Watu 24 walikufa, wengi wao abiria wa teksi, magari ambayo Kenya huitwa matatu na Tanzania daladala. Tukipita pale leo, tunajiuliza: je, dereva anaweza kupunguzwa mwendo bila yeye mwenyewe kujua?

Wazo hili si geni. Mwaka 1957 Mmarekani James Vicary alidai kwamba maneno yaliyomulikwa sinema kwa muda mfupi mno, hata jicho lisiyatambue, yaliwafanya watazamaji wanunue soda na bisi. Watu wengi waliingiwa na hofu. Mwaka 1962 alikiri kwamba jambo lile lilikuwa hila ya biashara tu.

Barabarani, hata hivyo, mbinu ya aina nyingine ilifaulu. Mwaka 1971, huko Uskoti, kutokana na utafiti wa Gordon Denton, mistari ya njano ilichorwa kukatiza barabara kabla ya mzunguko wa Newbridge, ikizidi kukaribiana kadiri gari linavyousogelea. Dereva huhisi kana kwamba mwendo unaongezeka, akakanyaga breki bila kuambiwa. Mwaka 2006 Chicago ilichora mistari kama hiyo kwenye kona ya Lake Shore Drive. Katika miezi 6 ajali zilipungua kwa asilimia 36, zikilinganishwa na kipindi kama hicho mwaka uliotangulia.

Kenya ilishika njia tofauti. Mwaka 2008 watafiti James Habyarimana na William Jack walianza kujaribu stika ndani ya matatu za safari ndefu, zikiwahimiza abiria wapaze sauti dereva anapoendesha ovyo. Madai ya bima yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Baadaye ikaja kampeni ya Zusha! Hapa hapakuwa na siri: stika ilisomwa na wote, dereva akiwemo.

Sisi tunaona funzo kwa Durban. Mistari humsaidia dereva mwenye breki nzima. Haisimamishi lori bovu, wala haimtulizi dereva anayefukuzia hesabu ya tajiri. Fields Hill ilihitaji sheria ya wazi, na malori makubwa yakakatazwa kuteremka pale. Ndani ya teksi zetu, abiria hupitishiana nauli mkono kwa mkono hadi kwa dereva. Waliozoea kushirikiana hivyo hawashindwi kusema kwa pamoja: dereva, punguza mwendo.