Utamaduni wa Kisauni Haukuvuka kwa Daraja

Kila kaskazi ikianza kuvuma na joto la Desemba kupanda, hurudi pia dai moja ambalo nimelisikia katika mihadhara ya turathi na kulisoma katika vijitabu vya kuwakaribisha wageni: kwamba Kisauni haina utamaduni wa kwake. Leso na deraa, mbaazi za nazi, viazi karai, ngoma za harusi, vyote vinavyoipamba Kisauni msimu wa joto, husemwa kuwa ni vya Mji wa Kale wa Mombasa, vikavuka Daraja la Nyali pamoja na wapangaji waliokimbia kodi za kisiwani. Mvita, yaani kisiwa, ndiyo chungu; Kisauni ni sahani tu.

Tuanze na daraja lenyewe. La kwanza, lile lililoelea juu ya maji, lilifunguliwa mwaka 1931, na mtu hakulivuka bila kulipa ushuru. Hili tunalolipita leo kwa matatu ni la mwaka 1980. Wakazi waliokuwako ng'ambo hii kabla ya 1931 walikula, walivaa na walicheza. Swali ni nini, na walikipata wapi.

Habari za kale zaidi zinafahamika na sitazirudia kwa urefu. Kongowea na simulizi za Mwana Mkisi, Wareno, Wamazrui, kisha Sayyid Said kuutwaa mji mwaka 1837: vitabu vya shule vimeyaeleza hayo. Linalotosha hapa ni kwamba katika karne ya 19 wakubwa wa kisiwani walikuwa na mashamba bara, na waliolima mashamba hayo walikuwa watumwa. Mwenye shamba alivuka kwa mashua kuja kuangalia mtama na minazi yake, akarudi kwake. Mtumwa alibaki. Kwa hiyo aliyeijua Kisauni usiku na mchana, kusi na kaskazi, ni yule ambaye jina lake halikuandikwa.

Halafu ikaja Freretown, na hapa sitakuwa na haraka.

Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alitumwa Zanzibar kumshinikiza Sultani Barghash, na mwezi Juni mwaka huo mkataba wa kufunga soko la watumwa ukatiwa sahihi. Mwaka 1875 William Salter Price wa Church Missionary Society akanunua ardhi ng'ambo ya kisiwa, akaanzisha Freretown, makazi ya watu walionaswa majahazini na manowari za Kiingereza. Majahazi hayo yalikuwa yakipanda na kusi kuelekea Arabuni. Ndani yake mlikuwa na Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, watu wasiosikilizana lugha, wakashushwa pwani wasiyoijua. Walipokewa na wenzao waliotangulia kuokolewa, ambao walisomeshwa na kufunzwa ufundi Nasik, India. Miongoni mwa hao wa Nasik walikuwa William Jones na Ishmael Semler, waliofanywa mashemasi na Askofu Hannington mwaka 1885. Basi mtaa huu mmoja wa Kisauni ulikuwa na watu wa Ziwa Nyasa na watu waliokulia Bara Hindi kabla kisiwa hakijaota kuitwa mji wa mataifa.

Chanzo ninachokitetea katika makala haya ni kitabu ambacho wengi wamekisikia na wachache wanakisoma: *Uhuru wa Watumwa* cha James Juma Mbotela, kilichotolewa London mwaka 1934. Mbotela alikuwa mwana wa Freretown, na wengi wa rika langu walimjua zaidi mtu wa ukoo wake, Leonard Mambo Mbotela, sauti ya *Je, Huu ni Ungwana?* redioni. Wahakiki wamemlaumu mzee huyu, na lawama nyingine anastahili. Anawasifu Waingereza kupita kiasi, na dhambi karibu yote anawatwika Waarabu. Misheni yenyewe haikuwa pepo: msimamizi wake James Streeter aliwachapa wakazi viboko hadi habari zikafika London, na Price akalazimika kurudi mwanzoni mwa miaka ya 1880 kutengeneza mambo. Lakini wahakiki hao hao humsamehe mshairi wa kisiwani aliyewasifu masultani maisha yake yote. Mbotela ananipa kitu ambacho kumbukumbu za misheni na tenzi za mabwana hazinipi: jamii ya waliokuwa mizigo chomboni, imeandikwa kwa Kiswahili, na mtu wa ndani, akiwaandikia wenzake. Sifa zake kwa Mwingereza nitazipima kwa mizani. Habari zake za watu wake nitazishika.

Nasisitiza hivi kwa sababu ya Januari mosi.

Siku hiyo, joto likiwa limefika kooni, nusu ya Kisauni hushuka Bamburi, kwenye ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta ambao sisi twauita Pirates. Watoto hukodi mipira ya matairi ya gari wakaelea nayo. Akina mama huingia majini na leso zao kifuani. Vijana hupanda ngamia wakapigwa picha. Wapo wanaoiona sherehe hiyo kuwa uigaji wa Wazungu ulioletwa na hoteli za kitalii. Maelezo haya yananishinda kuyavumilia, maana yanasahau mambo mawili.

La kwanza ni Siku ya Mwaka, Nairuzi ya Waswahili, inayohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi. Mtoro bin Mwinyi Bakari aliandika habari zake katika *Desturi za Wasuaheli* mwaka 1903, na Makunduchi huko Unguja bado wanaiadhimisha kila Julai. Kukoga baharini kuuondoa mwaka uliopita ni desturi ya pwani nzima, na hoteli hazikuwapo. La pili ni la hapa hapa. Misheni za Freretown na Rabai zilikuwa zimewahifadhi watumwa watoro wengi, na mwaka 1880 wenye watumwa wa Mombasa walitishia kuishambulia Freretown kwa ajili hiyo. Ugomvi uliisha pale George Mackenzie wa kampuni ya Imperial British East Africa alipowalipa mabwana fidia, na tarehe 1 Januari 1889 huko Rabai watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Kwa watu hawa na wajukuu wao Januari mosi haikuwa tarehe ya kalenda ya mgeni. Naona mwaka wa Waswahili na mwaka wa walioachwa huru vilikutana katika maji yale yale, na aliyekuja na hoteli baadaye alikuta watu wameshalowa.

Ubishi wa namna hiyo upo pia kuhusu beni, ngoma ya matarumbeta na magwaride iliyoenea Afrika Mashariki nzima. Kwa muda mrefu iliambiwa kuwa ni kuiga tu bendi za manowari. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii, alikataa: alionyesha kwamba mashindano ya makundi ya ngoma, vyeo vyake na matusi yake yalikuwapo katika miji ya Waswahili zamani, na tarumbeta likaingia katika nyumba iliyokwisha kujengwa. Mombasa makundi ya Kingi na Scotchi yalishindana kwa mavazi, karamu na mdundo. Nakubaliana na Ranger, ila naongeza kwamba mtu anayetafuta mahali ambapo nyimbo za kanisa, tarumbeta na ngoma za bara zilikaa mtaa mmoja hana haja ya kwenda mbali na Kengeleni, hapo Freretown. Kengele inayosimama pale, ambayo wageni huambiwa ilipigwa kuonya wakija wawinda watumwa, iliita pia watu kusali, kusoma na kufanya kazi. Watu waliozoea kuishi kwa kengele hawakustaajabia gwaride.

Kwa wanawake, mwenye kutaka ushahidi asome *Wanawake Watatu wa Kiswahili*, simulizi zilizokusanywa na Sarah Mirza na Margaret Strobel. Humo yumo Mishi wa Abdala, mzawa wa watumwa, akieleza ngoma na mafunzo ya wanawali kwa mamlaka ya mtu anayekijua anachokisema. Strobel alikwisha kuonyesha kwamba ukungwi wa Mombasa, kazi ya kuwafunda wanawali, ulishikwa na wanawake wa asili ya utumwa, na hao ndio waliohitajiwa katika harusi za waungwana. Hapo mkondo unapanda mlima: bibi arusi wa kisiwani anafundwa kwa elimu iliyotoka kwa watu wa mashambani. Lelemama, ngoma ya wanawake, ilipokuja kushamiri, makundi kama Ibinaal Watan na Banu Saada yaliwachanganya wa juu na wa chini katika safu moja. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwenye gazeti la *Al-Islah* la mwaka 1932, aliwakemea watu wake kwa kufuja mali na kuiga wageni. Namheshimu kwa mengi. Lakini anayekemea ngoma hutuachia, bila kukusudia, ushahidi wa jinsi ilivyopendwa.

Mavazi yanasema hayo hayo. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Kabla ya hapo mtumwa alikuwa akijulikana kwa kaniki na merikani. Leso yenye rangi na jina ilikuwa nguo ambayo mwanamke aliyeachwa huru angeweza kuinunua dukani kama mwanamke yeyote. Duka la Kaderdina Hajee Essak, Mali ya Abdulla, lilikuwa Mombasa tangu 1887, na kwa kawaida yeye ndiye anayetajwa kuwa aliyeanza kutia majina kwenye leso. Watu wa Unguja hubisha, na sitawaamua. Ninalojua ni kwamba kaskazi ndiyo inayoijaribu leso. Mchana wa Februari huko Mtopanga mwanamke hujifunga moja kiunoni juu ya deraa jepesi, ya pili akaitupa begani. Akitoka jua huipandisha kichwani, akikaa barazani huipepea, mtoto akilala huwa shuka. Kina mama wa Kimijikenda wa hapa walikuwa na hando, sketi ya marinda tele inayocheza kiuno kinapocheza, na ukimwangalia mchezaji wa leo alivyoikaza leso yake chini kidogo ya kiuno utaona hando haijafa.

Chakula nacho kina hati zake za ardhi. Mwaka 1908 ilitungwa sheria ya kuandikisha milki za pwani, na wenye majina makubwa wakaandikisha. Waliokuwa watumwa na Wamijikenda walioishi pale wakawa wakaazi wa ardhi ya mtu mwingine. Frederick Cooper ameonyesha jinsi mti ulivyokuwa kiini cha ugomvi: aliyepanda mnazi alipata la kudai, basi mwenye ardhi hakupenda mkaazi apande mnazi wala mwembe. Kilichoruhusiwa ni mahindi na mihogo, vitu vinavyong'olewa vikaisha. Kwa hiyo mhogo wa kukaanga, fahari ya ufuo wetu, ni chakula cha mtu aliyenyimwa mti. Mtazame muuzaji: anaukata kwa urefu, anautia katika karai la mafuta hadi uwe rangi ya dhahabu, anaupasua kati kwa kisu, anapaka chumvi na pilipili ya unga, anakamulia ndimu, anaufunga kwa gazeti. Nazi inayotiwa katika mbaazi za asubuhi, ziliwazo kwa mahamri, ilinunuliwa kwa mwenye mti. Soko la Kongowea, linapofurika ngowe, dodo na boribo msimu huu, linawauzia wajukuu matunda ambayo babu zao walikatazwa kuyapanda.

Miaka iliyofuata naiacha ipite: mkonge wa Nyali, vita viwili, hoteli, chuo cha wachungaji cha Freretown kuhamia Limuru mwaka 1930. Nitasimama kwa mambo mawili tu. Mtaa ule ule wa Freretown ndio wa Mzee Joseph Ngala, mpiga saksafoni, baba wa bango, muziki ulioshona pamoja ala za shaba, rumba, taarabu na midundo ya Mijikenda. Bango hupigwa harusini na matangani, na akina mama hulicheza kwa leso kiunoni, taratibu, bila kutoa jasho la bure. Sijui wimbo wa kisiwani unaoeleza Kisauni vizuri kuliko huo. Na mwaka 1969 ilianzishwa karakana ya Bombolulu, ambako watu wenye ulemavu hufua shaba na kutunga shanga. Vijitabu vya wageni huitaja kama mahali pa kununua zawadi, hukumu ya uvivu kwa watu walioendeleza sanaa ya mkono katika mtaa unaosemwa hauna sanaa.

Sikatai kwamba Mji wa Kale umetupa mengi: mshono wa kanzu, pilau, kusalimiana kwa adabu. Ninachokataa ni hesabu ya upande mmoja. Ukungwi ulipanda kutoka kwa watumwa kwenda kwa waungwana. Mhogo wa mkaazi unaliwa leo na mwenye hati. Bango la Freretown linaalikwa katika kumbi za kisiwani. Wenye kuandaa maonyesho ya mavazi na mapishi ya pwani huanzia Ngome ya Yesu na kuishia Lamu, Kisauni wakaipa ubao mmoja kuhusu kengele. Waanzie Kengeleni, wakiwa na kitabu cha Mbotela mkononi, ndipo wavuke kwenda kisiwani. Watakuta vitu vingi wanavyoviita vya mjini vilitoka ng'ambo hii, kwa mashua, zamani, kabla mtu hajatozwa ushuru wa daraja.